Mwanamke Aliyelipwa Kutazama Watoto

Upande ule wa Ekerenyo hapakuwa na mwanamke aliyewajua watoto wa wenzake kama Persis Kemuma alivyowajua, wala hapakuwa na mwanamke aliyekaribishwa kwa shingo upande kama yeye. Alijua mtoto wa nani anauma wenzake, wa nani halali mchana, wa nani anaweza kufunga kamba ya mbuzi hata kabla meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Wa kwake hakuwa naye. Nalisema mapema nisije nikaulizwa, maana kwetu hilo ndilo swali la kwanza.

Aliolewa Bobasi, akakaa huko miaka bila tumbo kuonyesha kitu. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alioa mwingine, basi, na yule mwingine akazaa mfululizo, hata Kemuma akawa mtu wa kubeba watoto mgongoni mchana na kuwarudisha kwa mama yao jioni. Mwaka wa 1969 alifunga sanduku lake akarudi kwa baba, na baba mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Nduguye Okemwa akampa nyumba ndogo ukingoni mwa shamba la chai, kando ya njia, na mistari michache ya kuchuma. Okemwa alikuwa ndugu mwema. Mkewe naye hakuwa mkali, ila hakuacha siku ipite bila kumkumbusha wifi yake kwamba yuko hapo kwa hisani.

Wanawake wa hapo huitwa kwa majina ya watoto wao. Huyu ni Ng'ina Ombati, mama yake Ombati. Yule ni Ng'ina Mogire. Kemuma aliitwa Kemuma tu, kama msichana, na mvi zilikuwa zimeanza kumtoka. Jumamosi kanisani alifundisha watoto nyimbo za Sabato, na saa hiyo moja ndiyo iliyomvusha wiki nzima. Ibada ikiisha, kila mama alimwita wake, na Kemuma akabaki anapanga viti.

Ndipo akaja Josiah Mogaka. Huyu alikuwa mzaliwa wa Nyamira, amesoma hadi ng'ambo, na sasa amerudi na Landrova ya chuo na miwani minene. Wakati ule nasari, shule za watoto wadogo, zilikuwa zinachipuka kila soko, harambee hapa harambee pale, na hakuna aliyejua kama zinawafaa watoto au zinawachosha bure. Mogaka alitaka kujua. Wengine walipelekwa nasari ya kanisa kule Kebirigo. Wengine waliachwa kwenye banda la kituo cha chai, akina mama wakipokezana zamu ya kuwaangalia na kuwapikia uji. Wengine walibaki nyumbani na omoreri, yaani dada mtu anayemlea mdogo wake huku naye bado mtoto. Kati ya hao, ni wepi wangeanza shule vizuri, na ni nyumba zipi zingepata nafuu? Lilikuwa swali la maana, hilo simnyimi. Akatafuta mtu wa hapo hapo, ajuaye kuandika vizuri, asiye na mtoto wa kumlilia. Mwenye sifa hizo alikuwa mmoja.

"Kazi yako ni kutazama," alimwambia chini ya paa la kanisa. "Ukifika kwa watu, kaa pembeni. Usimsaidie mtoto, usimsemeshe, usile chakula chao. Mtoto akikuzoea atafanya mambo ya kukufurahisha wewe, na hatutajua kitu."

"Wakiniuliza nimefuata nini, mwalimu?"

"Waambie ukweli. Umekuja kuwatazama watoto wao."

Hapo ndipo hasira hunipanda mimi. Mtu aliyezaliwa Nyamira, aliyepakwa samli ya kumkinga na jicho na bibi yake mwenyewe akiwa mchanga, anamtuma mwanamke asiye na mtoto akakae kimya uani kwa watu, hali, hanywi, kawakodolea macho watoto wao! Kwani hakujua? Alijua vizuri sana. Ila masomo humfanya mtu adhani mambo ya nyumbani yamekwisha kwa sababu yeye ameondoka.

Maana hapo kulikuwa na habari ya jicho. Walisema kuna watu ambao wakimkazia macho mtoto, hasa mweupe wa ngozi laini, basi vitu vidogo vidogo vilivyo karibu, chembe za nafaka ya wimbi, nyuzi za blanketi, humnata mwilini na kupenya ndani mpaka augue. Mwenye jicho huenda asiwe na nia mbaya hata kidogo. Huenda hata hajui kwamba analo. Ndiyo sababu hakuna mama aliyemsifu mtoto, wake wala wa jirani. Mtoto akipendeza husemwa ni mbaya, ni bovu, halina maana, na kila mtu huelewa kwamba anapendwa.

Kemuma aliyajua haya yote, na bado akakubali. Sababu ni kwamba Mogaka alimwahidi jambo. Utafiti ukionyesha ni malezi gani yanawafaa watoto, alisema, wafadhili watatoa mabati na mshahara, nasari itajengwa papo hapo kijijini, na mwalimu wake atakuwa Kemuma. Mwanamke yule alirudi nyumbani siku hiyo akashindwa kula. Alitaka watoto, sina namna nyingine ya kulisema. Alitaka chumba kilichojaa watoto kila asubuhi ya Mungu, wamvute sketi, wamlilie, wamchafue, na mtu yeyote asije kumwambia wape mama yao.

Basi akatazama. Alibeba kigoda chake mwenyewe kutoka boma hadi boma, akaketi pembeni, akaandika. Mwanzoni walimletea ndizi na uji, naye akakataa kwa upole. Mgeni anayekataa chakula hurudiwa, huulizwa, hubembelezwa. Baadaye wakaacha kumbembeleza. Baadaye wakaacha hata kumsalimia vizuri. "Bwakire" ya asubuhi ilitoka midomoni kama mtu anayetema kokwa. Akipita, akina mama walivuta watoto wao karibu, si kwa chuki, kwa tahadhari tu. Jioni alikaa peke yake mlangoni akisikia wa kwa Okemwa wanacheka ndani, na hakuna aliyekuja kumwita.

Nyumba moja tu ilikuwa tofauti kidogo, ya Marion Bochaberi, mchumaji hodari aliyekuwa akiishi na mama mkwe wake, kikongwe Bathsheba. Mtoto wao Nyanchera alikuwa na miaka minne, mweupe, mwenye paji pana. Huyu alikuwa wa kundi la nyumbani, kisha mama yake akaanza kumwacha banda la chai. Nyanchera hakuambiwa kwamba Kemuma ni ukuta. Alimjia polepole, siku hadi siku, mpaka siku moja akaegemea goti lake akalala hapo hapo. Kemuma hakumgusa. Alikaa mguu umekufa ganzi, na jambo lile hakuliandika.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1973 alikuwa uani kwa Bochaberi. Bibi Bathsheba alikuwa anapeta wimbi, Bochaberi anasuka kapu la chai lililopasuka. Nyanchera alikuwa amewaketisha wadogo watatu mstarini na kuwagawia majani ya mgomba kuwa sahani. Mmoja alikuwa akilia, mwingine amemnyang'anya mwenziwe. Basi kile kitoto kikachana jani lake chenyewe katikati, kikampa aliyenyang'anywa nusu, kikamwambia anayelia, "Wewe utakuwa mama, shika mwiko." Yule akanyamaza. Zamu ya uji ikaendelea vile vile ilivyokuwa ikienda bandani, hadi kuombea chakula, na mikono ikafumbwa.

Kemuma alicheka kwa sauti. Kisha, kabla hajajizuia, akasema, "Mtoto mzuri huyu! Katika wote niliowatazama sijaona mwenye akili kama yeye."

Ungo wa Bathsheba ulisimama. Bochaberi hakuinua kichwa.

"Hili?" alisema, akijaribu kucheka. "Hili ni bovu, Kemuma. Halina kitu. Si unaliona lilivyo baya?"

Alikuwa anamfungulia mlango. Kemuma angesema tu, "Ni kweli, ni baya sana," na wimbi lingeendelea kupetwa. Lakini zilikuwa zimepita siku nyingi bila yeye kusema neno jema kwa mtu, na lile la leo lilikuwa limemtoka moyoni. Akaona uchungu kulimeza tena. Tena alikuwa Msabato, mtu wa mshahara, mwalimu mtarajiwa. Akatabasamu, akainamia karatasi zake, hakulirudisha.

Kosa lilikuwa hilo tu.

Wiki haikuisha Nyanchera akashikwa na homa, na juu ya homa vipele, vidogo, vingi, vimetapakaa usoni na kifuani kama mtu aliyemwagiwa wimbi. Mtu yeyote wa zahanati angesema surua. Bathsheba alisema neno lingine, na mke wa Okemwa akalileta mbio hadi mlangoni kwa Kemuma, akiwa nusu na huruma, nusu na hamu ya kuona itakuwaje.

Kemuma alikwenda. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, na uani kwa Bochaberi wanawake walikuwa wamejazana chini ya ukingo wa paa. Walimpisha. Ndani, mtoto alikuwa juu ya ngozi karibu na moto, anapumua haraka haraka, mbavu zikiingia na kutoka.

"Mpelekeni hospitali," Kemuma alisema. "Mpelekeni Nyamira sasa hivi. Kifua kimeingiliwa. Okemwa atatafuta gari la chai."

"Ataenda," Bathsheba alisema. "Lakini hatoki hapa na kitu cha mtu mwilini. Kwetu nilikotoka, aliyetazama ndiye anayepaka samli. Ampake, aseme nilichokutazama nacho kimetoka. Bila hivyo daktari atachoma sindano juu ya chembe, na zitazidi kuingia."

"Mong'ina, bibi yangu, ni surua hii. Mimi sina jicho."

"Hakuna anayejua kama analo."

Kemuma akamgeukia Bochaberi. "Ng'ina Nyanchera, wewe umesoma. Mbebe mtoto twende."

Bochaberi alikuwa analia bila sauti. "Siwezi kumvuka mama," alisema. "Akifa njiani, nitakaa vipi katika nyumba hii? Mpake tu, Kemuma. Nakuomba. Ni samli tu."

Haikuwa samli tu, na wote mle ndani walijua. Akikipokea kibuyu cha samli, atakuwa amekiri mbele ya wanawake wa kijiji kizima kwamba jicho analo. Hakuna mama atakayemwachia mtoto tena, na nasari atakuwa ameiaga. Akikataa na kubishana, watabishana mpaka jioni, na kile kifua hakikuwa na jioni. Aliogopa. Aliona chumba chake kilichojaa watoto kikiwa mbele yake, karibu kabisa. Kisha Nyanchera akakohoa, akafungua macho mekundu, akamwona, akanyoosha mkono.

Kemuma akapiga magoti akachovya vidole kwenye samli. Akampaka uso, shingo, kifua, tumbo, taratibu, mara ya kwanza maishani mwake kumgusa. Ngozi ilikuwa inaunguza. "Nilichokutazama nacho kimetoka," alisema, na ili wasimrudishe nyuma, akalisema kwa sauti ya kusikika hadi nje. 

Bochaberi alimfunga mtoto mgongoni hapo hapo, na Okemwa akawapeleka Nyamira na gari la majani. Kemuma hakuambiwa apande. Alibaki uani, mikono inanuka samli, na wanawake wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja amemfunika wake kwa kanga.

Nyanchera alipona. Daktari alisema ni surua iliyoshuka kifuani, na kwamba wangechelewa kidogo wangemzika. Nyumbani hawakuhitaji daktari wa kuwaeleza. Kemuma alimpaka, mtoto akapona. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Kama mtoto angekufa, wangesema huenda si yeye. Kule kupona ndiko kulikomhukumu.

Na kanisa nalo halikukaa kando. Mzee Abner Nyamweya, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya harambee, alimwita akamwuliza kwa huzuni kama ni kweli alitenda mambo ya kishenzi hadharani. Alisema ni kweli. Wakamwondoa darasa la watoto la Sabato. Kwa hiyo mwanamke mmoja aliadhibiwa na wanaoamini jicho kwa kuwa nalo, na wasioliamini kwa kujifanya analo. Mimi nimejaribu kuliona hilo kwa upande wa kila mmoja, na bado linanikera.

Alimaliza kazi ya Mogaka kwa kuwatazama watoto wa bandani na wa Kebirigo, kwa mbali, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara. Majumbani hakuingia tena. Mwaka uliofuata Mogaka alirudi na matokeo, akaitisha mkutano siku ya Jumapili kwenye uwanja wa kituo cha chai. Alieleza vizuri, kwa Ekegusii, bila majivuno. Watoto wa nasari ya kanisa walijua nyimbo na herufi, lakini wengi waliachishwa njiani. Waliobaki nyumbani walijua kazi, ila dada zao walezi hawakuonja shule. Wa bandani ndio waliofanya vyema kuliko wote: walikuwa wachangamfu, walishiba, walianza shule bila kulia, mama zao wakachuma zaidi, na dada zao wakaenda darasani. Nasari ingejengwa hapo hapo bandani, kwa zamu zile zile za akina mama, na sasa kwa mwalimu wa mshahara.

Wakapiga makofi. Mogaka akafuta miwani, akasema, "Na mwalimu mnamjua. Ndiye aliyeifanya kazi hii. Persis Kemuma."

Makofi hayakuja. Wanaume waliangalia kofia zao. Mwishowe aliyesimama ni Bochaberi, amempakata Nyanchera, uso wa mtoto ameufunika kifuani mwake.

"Kemuma ana roho safi," alisema. "Asitokee mtu wa kumsema vibaya mbele yangu. Alimponya huyu." Akamvuta mtoto karibu zaidi. "Lakini huyu simleti."

Mogaka alianza kusema juu ya ujinga na maendeleo. Kemuma akasimama nyuma kabisa alikokuwa.

"Mwalimu, waache," alisema. "Umesoma hapa sasa hivi kwamba watoto wa banda waliwashinda wengine. Ni kwa sababu mama zao waliwaacha kwa moyo mmoja, na walikuwa wakiingia na kutoka. Wakianza kuwaficha, hilo banda litakuwa mabati tu. Tafuteni mwingine."

"Tutawaelimisha," Mogaka alimwambia baadaye, kando ya Landrova. Uso ulikuwa umemshuka. "Baada ya muda wataelewa."

"Muda gani? Mwenye miaka minne mwakani ana mitano. Hatawangoja wakubwa waelewe."

 Mogaka alimpa mkono, akauacha mkononi mwake muda mrefu kidogo kuliko desturi, akaondoka.

Kazi alipewa binti ya Mzee Abner, msichana aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha pili, mpole, asiyejua hata kumpangusa mtoto kamasi. Kabla ya kufungua, Kemuma alikuwa akimfuata kwao jioni na kumweleza: huyu usimkaripie mbele ya wenzake, yule mpe kitu cha kushika mkononi ndipo asikilize, wale mapacha usiwatenganishe. Alimpa yote aliyoyajua, jina kwa jina. Binti aliandika, akashukuru, na akamwomba kwa aibu asifike bandani.

Nasari ilifunguliwa Januari 1975. Watoto walikuwa wanapita kwenye njia ile ile inayoambaa na chai ya Kemuma, asubuhi wakienda na mchana wakirudi. Mama zao walikuwa wamewafundisha: mkifika pale, funikeni uso kwa mikono. Wadogo walitii kupita kiasi. Walitembea vipofu, wakagongana, na siku ya pili mmoja akaanguka mtaroni akachubuka goti.

Kemuma aliona, akatafuta dawa yake. Kuanzia siku ya tatu, akisikia sauti zao kwenye kona, aliipa njia mgongo na kuchuma akiangalia bondeni, mpaka wapite wote, macho yao wazi.

Wapo waliomwamkia nyuma ya mgongo wake, naye akawaitikia bila kugeuka. Katika sauti zile aliijua ya Nyanchera. Iliendelea kukua mwaka hadi mwaka, ikaingia darasa la kwanza, la pili, la tatu, na Kemuma hakujua tena uso wake umekuwaje.